Gobole Lisilolowa

Paa la nyumba ya Bi Mwanaima kule Milola lilikuwa likivuja sehemu tatu, na sehemu mojawapo ilikuwa juu kabisa ya magobole ya marehemu mumewe. Yalikuwa matatu, yametundikwa ukutani kwa misumari, moja chini ya jingine. Maji ya mvua yaliteremka na ukuta, yakapita kwenye la juu, yakapita kwenye la kati, na hayo mawili yalikuwa yameota kutu ya kukwangua kwa ukucha. La chini lilikuwa kavu. Si kwamba maji hayakulifikia. Yalifika juu ya mtutu wake, yakagawanyika, mengine kulia mengine kushoto, yakaendelea zake chini. Kitako chake kilikuwa na vumbi. Vumbi, katikati ya masika, chini ya paa linalovuja.

Mtu mwenye akili zake angeaga akaondoka. Ambrosi akanyoosha kidole, akasema analitaka lile.

Nawaambia mapema msije mkanilaumu baadaye: Ambrosi simwonei huruma sana. Wa kuonewa huruma yumo humu, na tutamfikia. Huyu bwana alikuwa mkulima wa Rutamba, mtu wa miaka thelathini na kitu, mchapakazi, Mkatoliki wa kusali Jumapili na kubishana siku sita zilizobaki. Alikuwa na mke aitwaye Dativa, na mtoto wa kiume wa miezi miwili, Sixbert. Kabla ya Sixbert walizika wawili, wote kabla hawajafikisha siku arobaini. Kwa hiyo huyu wa tatu hakuwekwa chini. Dativa alilima naye mgongoni, alipika naye mgongoni, na akienda kuoga alimwita jirani aje amshike, hata kama amelala.

Sasa, nguruwe pori wa kwetu wana akili ya kukera. Wamejifunza kwamba mvua ikinyesha magobole yote ya Rutamba yananyamaza. Baruti ikishika unyevu inakuwa uji, fataki ikilowa haiwaki, na mwindaji anabaki anafyatua chuma kitupu. Kwa hiyo mvua ikianza tu, hata saa nne asubuhi, wanaingia shambani wanakula mahindi na mpunga mbele ya macho yako. Mwaka ule dume mmoja alimfuata Dativa kwenye majaruba, akamchana shavu la mguu. Dativa aliangukia kifudifudi ili asimlalie mtoto. Ambrosi alikuwa hatua ishirini, na gobole la kuazima mkononi, la rafiki yake Tomaso. Alifyatua mara tatu. Halikulia hata mara moja.

Hapo ndipo alipoapa kwamba atanunua gobole lake mwenyewe, na litakuwa la mvua.

Tomaso alikuwa mwindaji wa miaka mingi, na mdomo wake haukuwa na likizo. Alimfundisha njia nzima. Usichukue la kuwashwa kwa jiwe, alimwambia, kwa sababu baruti yake inakaa wazi na tone moja linaiharibu. Chukua la fataki. Usichukue refu, utapigana nalo kwenye vichaka. Tazama mahali chuma kinapokutana na mti, maji hupenya hapo. Na kabla ya yote, hakikisha ni tupu, kisha weka mdomo kwenye mtutu upulize. Pumzi ikitokea kwenye kitundu cha fataki, njia ni safi. Ikikwama, liache.

Ambrosi akafanya hivyohivyo kwa Bi Mwanaima. La juu lilikuwa la jiwe, akalirudisha. La kati alilipuliza, pumzi ikakwama. La chini lilikuwa fupi, la fataki, chuma na mti vimeshikana vizuri kabisa. Akaweka mdomo, akapuliza. Pumzi ilikwenda. Halafu ikarudi. Ilirudi ya moto kidogo, ikampiga mdomoni, ina harufu ya udi.

Alijifuta midomo, akasema moyoni ni mgandamizo wa hewa. Kisha akaomba lijaribiwe. Walilishindilia baruti na goroli, wakaliegesha barazani chini ya mchirizi wa bati, maji yanamwagika juu yake, wao wakaingia kunywa chai. Chai ilipoisha Ambrosi akatoka, akalichukua, akalenga kisiki cha mnazi. Lililia mara moja, mlio mkavu, kisiki kikapasuka. Mikono yake ilikuwa imelowa chepechepe. Gobole lilikuwa na vumbi lake.

Bi Mwanaima alikuwa mwanamke wa miaka sitini na zaidi, hakuwahi kupata mtoto, na alikuwa anaongea huku anatazama pembeni. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno hata Ambrosi akasahau kuomba apunguziwe. Lakini alimshika mkono kwanza.

"Mwanangu, hili alitoka nalo marehemu Abilahi huko Kilwa, kwa wazee wake. Lipake mafuta ya nazi na nta ya nyuki, hayo tu. Hakulishika bila udhu. Alikuwa akiua nguruwe kwa ajili ya shamba, anamwacha palepale alipoanguka, hamgusi. Nguruwe asilikaribie hili. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama. Nitalitunza."

"Sijakuuliza kama utalitunza," alisema Bi Mwanaima, akamwachia mkono.

Ambrosi alisikia, sawa. Lakini alisikia kwa sikio la mtu wa kwetu. Sisi huku tumekaa pamoja miaka yote, Waislamu na Wakristo, ukuta kwa ukuta, tunazikana na kuozana, na kila mmoja amezoea kwamba mwenzake ana vitu vyake asivyogusa. Unamheshimu, hupeleki kitimoto kwenye hafla yake, basi. Ambrosi aliona ni jambo la namna hiyo: halali na haramu za marehemu, Mungu amrehemu, na sasa chuma kimehamia nyumba nyingine. Haikumpitia kichwani kwamba mwenye kukataza si marehemu.

Vibali vilifuata taratibu zake, kijijini mpaka polisi, na wiki ya tatu gobole likaingia Rutamba. Jumatatu ya wiki ile ile mvua ilinyesha ya kuziba macho. Yule dume aliyemchana Dativa akaingia shambani saa tatu asubuhi, anatembea kwa madaha. Ambrosi akamwangusha kwa risasi moja. Wiki mbili hazikupita akaangusha wanne, wote kwenye mvua, na watu waliokuwa wanamcheka wakaanza kumwita fundi. Dativa alirudi shambani bila kugeuka nyuma kila dakika. Alianza kuimba tena akipalilia. Siku hizo zilikuwa nzuri, na ninazitaja kwa sababu zilikuwa chache.

Tomaso ndiye aliyeyaleta matatizo. Mwezi wa nne mvua ilipozidi, alimuuliza Ambrosi analipaka nini gobole lake. Ambrosi akasema nazi na nta. Tomaso akacheka mpaka akakaa chini. Akamwambia nazi inasuuzika kwa mvua ya kwanza, na siku litakapogoma atakuwa amesimama mbele ya nguruwe mwenye hasira. Wazee wetu wote, alisema, waliviringisha goroli kwenye kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya nguruwe, wakapaka hayohayo mtutu mzima, na maji hayakupata pa kupita. Ambrosi alijua vizuri kwamba la kwake halikuhitaji chochote. Lakini ilikuwa bunduki yake ya kwanza, yeye mgeni wa kazi, na aliyemfundisha kasema. Aliogopa ile siku moja. Alimfikiria Dativa kifudifudi kwenye majaruba.

Akayeyusha mafuta kwenye sufuria, palepale jikoni. Dativa alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, akamkumbusha kwa sauti ya chini maneno ya yule mama wa Milola. Ambrosi akamjibu kwamba Milola ni Milola na hapa ni kwake. Akapaka kitako, akapaka mtutu, akachovya kitambaa, akakisukuma ndani kwa ufito mpaka chini. Kitambaa kilipofika mwisho, gobole likatoa sauti. Ilikuwa ndogo, ya kubanwa, sauti ya mtu aliyezibwa mdomo na mkono. Ambrosi akasema ni hewa. Kila kitu kwake kilikuwa hewa.

Kesho yake alfajiri Dativa aliamka kuchota maji, akakuta ndoo mbili alizozijaza jioni hazina kitu. Sakafu ilikuwa kavu. Alidhani Ambrosi ameyatumia, Ambrosi akadhani yeye. Siku ya pili ikawa vilevile, na sabuni ya kipande ikawa imelika mpaka ikabaki kama ganda. Ndani kulikuwa na harufu ya udi uliochanganyika na nywele zinazoungua, nayo ilitoka kwenye chumba cha stoo, mahali gobole lilipotundikwa.

Siku ya tatu walisikia. Ilikuwa saa tano asubuhi, nje mvua inanyesha, Dativa anamnyonyesha Sixbert kitandani na Ambrosi anashona viatu, na kutoka stoo, ambako hapakuwa na mtu, ikaja sauti ya maji yanayomiminwa, kisha sauti ya mtu anasukutua kinywa, anatema, anasukutua tena, anatema, kisha viganja vinasugua ngozi, haraka haraka, kwa nguvu, kisha maji tena, na mtu huyo hakuwa anaoga kwa raha, alikuwa anajisugua kwa namna ya mtu aliyekanyaga kitu asichoweza kukitaja, na alipomaliza alinyamaza kidogo, akahema, akaanza upya.

Dativa alihesabu. Mara saba, kisha kimya. Mara saba nyingine.

"Baba Sixbert," alinong'ona, "kuna mtu anajitoharisha humo ndani."

Ambrosi akafungua mlango wa stoo. Gobole lilikuwa kwenye msumari wake, kavu. Lakini ukuta wa udongo ulio nyuma yake ulikuwa umekwanguliwa. Mikwaruzo minne minne, mirefu, kutoka usawa wa kichwa mpaka chini, na udongo uliotolewa haukuwapo sakafuni. Kila siku baada ya hapo ukuta ulizidi kuliwa, mpaka fito zikaanza kuonekana, na kila siku ile sauti ya kusugua ilianza mapema zaidi na ikachelewa kwisha, na walilala wameshikana mikono juu ya mtoto, wote watatu kwenye kitanda kimoja, wanasikiliza maji ambayo hayakumaliza kumiminwa na pumzi ya mtu aliyechoka, aliyekasirika, ambaye kila alipomaliza alijinusa, wakasikia kabisa anajinusa, na akakuta bado.

Tomaso alipoambiwa alicheka. Alikuja mchana kweupe, akalitoa nje, akasema tatizo ni mafuta yameganda ndani. Halikuwa na baruti, walihakikisha wote wawili. Akaweka mdomo kwenye mtutu apulize, kama alivyopuliza magobole maisha yake yote. Kitu kikampuliza yeye. Hapakuwa na mlio wala moshi, ni pumzi tu iliyotoka, lakini Tomaso alirudi nyuma ameshika uso, na alipofungua kinywa ulimi wake ulikuwa umeiva, mweupe, unavua ngozi. Yuko hai mpaka leo. Anakula uji. Kuongea hajaongea tena, na Mungu anisamehe, wapo waliosema heri.

Ndipo Ambrosi akampigia simu Mwalimu Yunusu wa Mitwero. Mwalimu alikuwa mtu wa madrasa na wa kuwasomea wenye majini, mpole, mwenye jina la kuheshimika pande zote za Lindi, na alikuja kwa bodaboda siku hiyohiyo. Alisikiliza habari yote, akauliza swali moja tu: mafuta gani. Ambrosi alipojibu, Mwalimu akafumba macho.

Akawaeleza bila kuwaficha. Ndani ya kile chuma alikuwamo ruhani, jini msafi, aliyefungamana na ukoo wa Abilahi kwa masharti ya usafi. Yeye ndiye aliyekuwa akizuia maji yasiviguse, chuma na mti. Sasa amepakwa kitu ambacho kwake ni najisi kuliko zote, mpaka kooni, na najisi hiyo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Ndicho anachojaribu. Akaagiza maji ya kisima ndoo saba.

Walilifanyia uani, saa nane mchana, jua limetoka baina ya mvua na mvua. Mwalimu alisoma, akamimina. Maji yakagawanyika juu ya mtutu yakaanguka pembeni. Akamimina ya pili, ya tatu. Akachanganya udongo, akapaka kwa mkono wake. Udongo ukakauka papohapo ukapukutika. Ndoo ya saba ilipokwisha, mafuta ya nguruwe yalikuwa bado yanang'aa kwenye chuma palepale yalipopakwa.

"Maji hayamfikii," alisema Mwalimu taratibu. "Na wewe ulimnunua kwa sababu hiyo."

Akaweka sikio kwenye mtutu, akasikiliza kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka. Alipoinuka alisema amemsihi aachane na chuma kile, na amekubali, kwa kuwa hawezi kutakata akiwa ndani yake. Akasimama, akanyoosha mkono, akamwamuru kwa sauti atoke, aende mahali safi ambapo kitu kile hakijawahi kufika. Alikusudia msituni, au kisiwani, au popote wanapokwenda wenzake. Alisema mahali safi. Hakutaja wapi.

Gobole lililia lenyewe, chini ardhini, na maji yaliyokuwa yametuama pembeni yakalirudia yote kwa mkupuo. Likalowa. Wakaliona linaota kutu mbele ya macho yao, linageuka jekundu, mti unavimba na kupasuka, mpaka likawa takataka. Hewa ya uani ikawa nyepesi. Dativa alilia kwa furaha. Mwalimu alipewa soda, akainywa, akapanda bodaboda yake akarudi Mitwero. Wakati wote huo Sixbert alikuwa amelala chumbani, amelazwa peke yake kwa mara ya kwanza ili awe mbali na gobole.

Alasiri Dativa akamtoa mtoto kumwogesha. Akamweka kwenye beseni, akachota maji kwa kiganja, akamwagia tumboni. Yaligawanyika. Akachota tena, akadhani ni mafuta ya mtoto aliyompaka asubuhi. Akamzamisha mpaka shingoni. Akamtoa. Mtoto alikuwa mkavu, nywele zake kavu, na kwenye mikunjo ya shingo kulikuwa na poda.

Dativa alimfunga kwenye khanga, akakaa kwenye kigoda, akamtolea ziwa. Sixbert alisogeza pua, akanusa. Kisha akageuza uso, na usoni mwa kile kitoto cha miezi mitatu ikaja sura ya mtu mzima anayejizuia kutapika.

Siku mbili hakunyonya. Zahanati walimpima wakasema hana homa, wakashauri maziwa ya kopo. Dativa aliyakoroga, mtoto akanusa mkono ulioshika kikombe, akakaza midomo. Hakulia. Hakukojoa. Alikuwa anawatazama tu, mmoja mmoja, kwa kuwachunguza, na kutoka kwenye pumzi yake ilikuwa inatoka harufu nzuri ya udi. Maziwa ya Dativa yalijaa mpaka yakawa yanamtiririka mwenyewe kifuani, mtoto wake anakauka mapajani pake.

Ambrosi akampigia tena simu Mwalimu Yunusu.

"Nisameheni," alisema Mwalimu. "Nilimwambia aende pasafi. Nyumbani kwenu nyote mmeshakula nguruwe, isipokuwa huyo. Simaanishi kwamba nyinyi ni wachafu, mzee wangu. Kwake yeye ndivyo."

Akasema njia ni mbili. Mtoto akitiwa najisi ileile mdomoni, ruhani atatoka, lakini atatoka kwa hasira, na kabla ya kutoka atajaribu kujisafisha, na wameuona ukuta. Njia ya pili ni mtoto apelekwe kwenye nyumba ambamo nguruwe hajawahi kuingia, mikononi mwa mtu ambaye ruhani amemzoea. Huko atakula na atakua. Ila yule hatatoka tena.

Dativa alisikia yote, simu ilikuwa kwenye spika. Akasema mtoto apelekwe. Ambrosi akasema mtoto wa kwake hataishi na jini tumboni kwa kuwa mganga kaogopa. Walibishana mpaka Dativa akaenda kukusanya nguo. Aliporudi alimkuta mumewe amepiga magoti kitandani, kidole kimechovywa kwenye sufuria ileile.

Kidole hakikufika ndani. Kiligusa mdomo tu, kwenye pembe. Sixbert alifungua kinywa na kutoka humo ikaja sauti ya kusukutua, kubwa, ya koo la mtu mzima, na mikono yake miwili midogo, ambayo ilikuwa haijajua hata kushika njuga, ikaruka ukutani ikang'oa udongo, ikaurudisha mdomoni na kuanza kusugua, pembe ileile ya mdomo, mara ya kwanza, mara ya pili, ngozi ikatoka, na Ambrosi akamshika mkono mmoja na Dativa mwingine, watu wazima wawili waliolima maisha yao yote, na hawakuweza kuizuia, wakawa wanavutwa nayo kwenda na kurudi, mara ya tano, mara ya sita, na macho ya mtoto wakati wote huo yalikuwa ya mtoto, ya Sixbert, yanamtafuta mama yake, yanauliza. Baada ya mara ya saba mikono ikalegea. Machozi yalitoka. Yalikuwa machozi ya kwanza kwa siku tatu, na ndiyo ya mwisho ambayo Dativa aliyaona.

Dativa alimfunga mtoto kwenye khanga mpya ambayo haikuwahi kukaa jikoni, akaita bodaboda, akaenda Milola huku mvua inamnyeshea yeye na dereva. Mtoto alifika mkavu. Bi Mwanaima alikuwa amesimama mlangoni. Alimpokea, akamweka begani, na Sixbert akavuta pumzi ndefu, akalaza kichwa, akalala. Dakika kumi baadaye alikunywa maziwa ya mbuzi kikombe kizima.

Dativa aliomba akae naye, hata kama ni kulala barazani, hata kama ni kufua nguo tu. Bi Mwanaima hakumkatalia. Lakini kila Dativa alipokuwa ndani ya ua, mtoto aliacha kula. Siku ya tatu Bi Mwanaima alimtoa mpaka barabarani, akamwambia kwa upole kwamba miaka thelathini amekaa na yule nyumba moja, ana adabu yake, hatamdhuru mtoto wakimwachia anachotaka. Kisha akafunga mlango. Wapo wanaosema mama yule alijua tangu siku ya kuuza. Mimi sijui. Najua tu kwamba paa lake halivuji tena.

Dativa aliondoka kwa Ambrosi. Alikodi chumba Lindi mjini kwa familia ya Kiislamu, akaacha kitimoto, akaacha hata sahani zake za zamani, akanunua sufuria mpya. Kila Ijumaa alijiosha mara saba, moja kwa udongo, kama alivyoelekezwa, mpaka ngozi ya mikono ikawa inapasuka. Alifanya hivyo mwaka mzima na miezi mitatu. Mwalimu Yunusu alimwambia hana uhakika kama inatosha. Dativa akamwambia basi atakwenda kuona mwenyewe.

Alifika Milola saa nne asubuhi, mvua inanyesha. Sixbert alikuwa uani peke yake, amesimama wima kwenye mvua, kanzu yake ndogo nyeupe ni kavu imenyooka, miguu yake kwenye tope haina tope. Alikuwa amenenepa. Alikuwa mzuri. Kwenye pembe ya mdomo kulikuwa na kovu. Dativa alipiga magoti kwenye maji, akafungua mikono, akamwita kwa jina lake, na mtoto akaja, hatua moja, ya pili, ya tatu, mpaka akawa karibu kiasi cha kumshika. Akanyoosha shingo. Akanusa nywele zake, akanusa kifua chake, taratibu, bila haraka.

Kisha akageuka kumtazama Bi Mwanaima aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mama," alisema, kwa sauti safi ya mtu mzima, "mwambie huyu asogee mbali. Bado ananuka."

Dativa akasogea.